Miaka Niliyokuwa Kiti cha Mpiga Picha

Wajukuu zangu, na nyie wengine mnaopita hapa Bigwa na kamera zenu begani kunilalamikia kwamba mtoto wa fulani kawashinda kwa kulia, kaeni kitako. Kazi ya kupiga watoto picha niliifanya kabla baba zenu hawajazaliwa, enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, pale mjini Morogoro. Sikuwa mpiga picha. Nilikuwa kiti.

Nasema kweli. Mtu akiniuliza, Zena, siku hizi unafanya kazi gani, nilimjibu hivyo hivyo, nami sikuona haya.

Nyie mnabonyeza, taa inamulika, mtoto keshaingia ndani ya picha kabla hajajua alie kwa ajili ya nini. Wakati ule picha iliingia kwenye kioo kilichopakwa dawa, na kioo kile kilikuwa kivivu. Bwana wangu alifungua kifuniko cha jicho la kamera, akahesabu taratibu mpaka nne, akafunika. Hiyo ni siku ya jua. Mawingu yakishuka kutoka Uluguru alihesabu mpaka nane, na masika mpaka kumi na mbili. Sasa niambieni, nani kati yenu ana mtoto wa miezi sita anayetulia mpaka kumi na mbili? Akigeuza kichwa mara moja, anatoka na vichwa viwili. Akitupa miguu, anatoka hana miguu kabisa, na mama yake anazirai.

Ndiyo maana nikawa kiti. Nilikaa kwenye kiti cha mbao, nikafunikwa gubigubi kwa pazia zito la rangi ya damu ya mzee, mtoto akawekwa mapajani pangu juu ya pazia, nami nikamshika kwa ndani, mkono mmoja mgongoni, mwingine kiunoni. Kwenye picha pazia lilitoka jeusi, na mtoto akaonekana amekaa peke yake kama sultani. Mkikutana na picha za zamani za namna hiyo, tazameni vizuri. Kiti kina magoti.

Bwana wangu alikuwa Mgoa, jina lake Kustodio, mtu mwembamba mwenye masharubu yaliyonuka dawa za picha. Alitoka Unguja akaifuata reli mpaka ilipofika kwetu, akafungua chumba mtaa wa maduka, paa la upande mmoja akaliezua akatia kitambaa cheupe ili mwanga uingie. Mimi nilikuwa nampelekea mkewe mchicha na ndizi. Asubuhi moja nikakuta pale ndani mtoto wa Mhindi mwenye duka analia tangu kulipopambazuka, Kustodio anamchezea kengele, baba yake anapiga miluzi, babu yake anabweka kama mbwa. Nikatua kapu langu, nikamchukua yule mtoto kwa nyuma, nikamwegemeza kifuani, nikavuma mdomo umefumbwa. Akanyamaza. Nilipotaka kumrudisha kwa baba yake Kustodio akaninyooshea kidole.

"Wewe mama wa mchicha, usisogee," akasema. Akang'oa pazia la mlangoni, akanifunika.

Sikusogea miaka saba.

Hebu niwape siri za kazi, maana hizi hazikubadilika hata kama kamera zimebadilika. Kwanza, mtoe mama nje. Mama akiwa chumbani mtoto hutazama alipo mama, na mama naye huwa hatulii. Baba mtoe kabla ya mama. Pili, mikono iwe na joto. Mimi nilikuwa naishika birika kabla ya kumshika mtoto. Tatu, ashibe, lakini acheue kwanza, la sivyo atacheua juu ya kazi yako. Nne, usimwimbie, mvumie. Wimbo unaingia masikioni naye anageuka kuutafuta. Mvumo mzito wa kifuani unampitia mgongoni, na hajui umetoka wapi, basi anatulia akiufikiria. Tano, nzi akitua usoni mwa mtoto, mwache nzi. Mtoto amekwisha kumzoea nzi, mkono wako hajauzoea.

Makosa nilifanya mengi. Nilipiga chafya chini ya pazia siku ya wateja wakubwa, na bwana mmoja wa reli aliyekuwa amekataa kutoka nje akaruka hatua mbili nyuma. Kustodio hakugeuka hata. "Mbao mbichi, bwana," akasema, "zinapasuka." Maana Wazungu hatukuwaambia. Waswahili na Wahindi walijua kwamba mle ndani yumo Zena, tena wengine walinisalimia, "Shikamoo kiti." Lakini Wazungu Kustodio aliwaambia ni kiti maalumu kutoka kwao Goa, kimetengenezwa kwa mti unaotuliza watoto. Nilimwambia uongo huu utatutokea puani. Akasema, "Zena, kiti hakitoi ushauri."

Na si Wazungu tu waliokuwa na visa. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa pwani aliyeoa kwetu, mke Mluguru wa Matombo. Akaleta mtoto apigwe picha. Nyuma yake akaingia mjomba wa mtoto, ameshuka mlima kwa miguu siku nzima, fimbo mkononi. Nanyi mnajua, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno.

"Picha hii itakaa Matombo," akasema mjomba.

"Mtoto wangu, picha yangu," akasema baba.

Kustodio akawaambia atatoa picha mbili kutoka kioo kimoja, kila mtu na yake. Wakakubali, ila wote wawili wakakataa kutoka nje. Picha ikatoka nzuri sana, lakini mjomba akaishika juu ya mwanga akaitazama mpaka tukachoka. "Anatazama kushoto," akasema. "Kushoto alisimama nani? Baba yake. Picha hii imeegemea upande." Tukapiga nyingine, mtoto kalala. Mjomba akaridhika, aliyelala hana upande. Baba akaikataa, akasema anaonekana maiti, yeye hawezi kutundika maiti dukani. Wakabishana juu ya kichwa changu, mtoto mapajani, mimi chini ya pazia jasho linanitoka.

Ndipo mama mtu, aliyekuwa nje muda wote, akachungulia mlangoni. "Kama ugomvi ni wa macho yake," akasema, "mpigeni kisogo."

Tukampiga kisogo. Picha mbili za kisogo cha mtoto, moja ikatundikwa dukani, moja ikapelekwa Matombo, na miaka baadaye nilipokwenda msibani kule niliiona ukutani, imewekewa fremu. Wazee waliniambia hiyo ndiyo picha iliyofanana naye zaidi.

Sasa niwaambie habari iliyokaribia kutumaliza.

Upande wa mto Mzinga palikuwa na shamba la mpira la Mdachi mmoja tuliyemwita Bwana Miwani, kwa sababu alivaa miwani minene kama chini ya chupa na bado aligongana na miti yake mwenyewe. Mkewe tulimwita Bibi Taratibu, kwa neno alilolijua zaidi katika Kiswahili. Walikuwa na mtoto wa kiume wa miezi tisa, mzaliwa wa hapa hapa, na bibi yake huko Udachini hajapata kumwona. Bibi Taratibu alitaka picha iende na meli.

Wakamleta. Kustodio akampokea mtoto mlangoni, akawatoa wazazi nje, mimi nikiwa tayari ndani ya pazia. Mtoto alikuwa na nguvu kama ndama. Kustodio alipofika tatu katika kuhesabu, kijana akajitupa mbele, na mkono wangu wa kiunoni ukatoka nje ya pazia kumdaka. Sikuwa na hiari. Bora kuharibu kioo kuliko kumwangusha mtoto wa watu, na hilo nalo liandikeni.

Kioo kikasafishwa. Mtoto alitoka safi, macho maangavu, kama malaika. Na juu ya tumbo lake, kwenye gauni jeupe la lesi, vidole vyangu vitatu na gumba, vimekaa wazi kabisa.

Kupiga tena hakukuwezekana, wazazi walikwisha ondoka na meli haingojei mtu. Kustodio akachukua penseli. Kwenye kioo, mjue, mambo yako kinyume, cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi, na ukitaka kitu kitoke cheupe unakipaka penseli. Akakaa siku mbili anavipaka vidole vyangu vifanane na lesi. Alikuwa fundi hodari, lakini alizidisha. Picha ilipotoka, pale palipokuwa na mkono palikuwa na msalaba mdogo mweupe unaong'aa, wenye ncha nne, umekaa juu ya gauni.

Nikamwambia, "Bwana, umemvisha nishani."

"Ni lesi," akasema.

"Lesi gani inang'aa hivyo?"

"Zena, kiti hakioni."

Bwana Miwani alipoipokea hakuona kitu, na hilo halikutushangaza. Bibi Taratibu alidhani ni bizimu ya pambo tuliyomwazima mtoto apendeze. Nakala moja ikaenda Udachini, moja ikatundikwa ukutani kwao. Tukashukuru Mungu.

Baada ya miezi kadhaa akashuka kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam mkubwa mmoja wa askari, mzee mrefu, kifua kimejaa nishani za vita. Akaalikwa chakula cha mchana kwa Bwana Miwani. Katikati ya mchuzi akanyanyua macho ukutani, akaweka kijiko chini.

Haya nilisimuliwa na mpishi wao, mtu wa Kingolwira. Anasema mkubwa yule aliinuka, akaikaribia picha, akauliza kwa upole sana mtoto huyu alipigana vita gani. Nishani ya namna ile, alisema, yeye mwenyewe aliingojea miaka kumi na minne akapata jeraha la paja. Kuivaa bila kupewa ni kosa, na kumvisha mtoto ni dhihaka. Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama picha kwa mara ya kwanza.

Kustodio akachukuliwa kutoka mjini saa hiyo hiyo. Aliposimamishwa barazani akajaribu kusema ni lesi. Mkubwa akamwambia kama ni lesi basi atapandishwa gari moshi la kesho na kamera zake, asionekane tena nchi hii. Kustodio, ambaye mkewe alikuwa amepanda mihogo na alikuwa ameipenda Morogoro, akasema ukweli.

"Bwana mkubwa, vile ni vidole vya kiti."

Bwana Miwani akasema, "Kiti hapana vidole."

"Kiti changu kina vidole, bwana."

Basi Bwana Miwani akamwita nyapara wake, Songoro, mtu mtiifu kupita kiasi. "Songoro, kimbia mjini, lete kiti cha Mgoa. Sasa hivi."

Songoro akaenda akaleta kiti. Alikibeba kichwani, pazia limekunjwa juu yake, akapita nacho mtaa wa maduka mchana kweupe. Watu wakamuuliza kiti kimefanya nini. Akawajibu kimeshitakiwa. Mpaka anafika shambani alikuwa na kundi la watu nyuma yake waliotaka kusikia hukumu.

Kiti kikawekwa katikati ya uwanja. Mkubwa wa askari akakizunguka mara mbili, akainama akachungulia chini yake, akazigonga mbao kwa kidole. 

"Vidole viko wapi?" akauliza.

Songoro akajibu, "Bwana, mimi nilikikuta hivyo hivyo kilivyo. Sijang'oa kitu."

Kustodio akakohoa. "Bwana mkubwa, hiki ni cha kukalia tu. Kiti chenyewe kiko Bigwa. Leo anapalilia."

Nilikuwa shambani kwangu kweli, matope magotini, Songoro aliponijia. Akasema, "Mama, naambiwa wewe ni kiti." Nikamwambia ndiyo. Akanitazama kama mtu aliyepunguziwa mzigo, maana aliogopa kurudi mikono mitupu. Njiani niliogopa. Tulikuwa tumewadanganya Wazungu miaka yote ile, na mimi ndiye niliyekuwa chini ya pazia nimemshika mtoto wao bila wao kujua. Nilijua watu waliochapwa viboko kwa makosa madogo kuliko hilo.

Nikafika na jembe langu mkononi, sikuwa na mahali pa kuliacha. Mkubwa akaniuliza kwa Kiswahili kizuri.

"Jina lako?"

"Zena binti Mbaraka."

"Kazi yako?"

"Kiti, bwana."

Hakucheka. Akaniambia nionyeshe. Nikanawa, nikakaa, Kustodio akanifunika pazia kama kawaida. Bibi Taratibu akamleta mtoto mwenyewe. Nilisikia hatua zake zinasita. Kisha uzito wa mtoto ukanikalia mapajani, nikamshika, nikavuma, naye akaegemea kifua changu kama mtu aliyerudi nyumbani. Alikuwa ameongezeka.

"Mkono ulitokea wapi?" sauti ya mkubwa ikauliza.

Nikautoa mkono nje ya pazia, nikauweka tumboni kwa mtoto kama siku ile. Nikasikia viatu vyake vinakaribia. Mpishi anasema mkubwa alivua nishani yake mwenyewe kifuani, akaiweka kando ya mkono wangu, akalinganisha ncha kwa ncha, jicho moja amelifumba. Mimi nilichojua ni kwamba chuma baridi kiligusa kidole changu, kisha hakikuwepo tena, kwa sababu mtoto alikuwa amekinyakua akakitia mdomoni.

Hapo ndipo niliposikia woga wa kweli katika sauti ya Mdachi. Akavuta utepe. Mtoto akauma. Akavuta tena, mtoto akaanza kuguna kwa hasira, Bibi Taratibu akalia, "Taratibu, taratibu."

Nikasema kutoka chini ya pazia, "Bwana mkubwa, usivute. Mtoto hatoi kinachovutwa. Atakimeza."

Akaacha. "Nifanye nini?" akaliuliza pazia.

"Nipe kijiko cha mezani, bwana. Kiwe kimetoka kwenye mchuzi."

Kijiko kikaletwa. Nikakishika kwa mkono ule ule ulioshitakiwa, nikakipitisha polepole mbele ya mtoto, sikumpa, nikakipitisha tena kikienda zake kama hakina habari naye. Mdomo ukafunguka. Nishani ikaangukia kwenye pazia. Mkubwa akaiokota, akaifuta mate kwa leso, akairudisha kifuani. 

"Pale ukutani hapana nishani," akasema hatimaye. "Pana mkono tu. Mgoa abaki. Lakini picha ile ishushwe, apige nyingine, na penseli aiache nyumbani."

Bwana Miwani akasema sawa, ipigwe nyingine, mkono usionekane. Ndipo Bibi Taratibu akazungumza na mumewe kwa Kidachi, maneno mengi, naye alikuwa mtu wa maneno machache. Kustodio aliyeokota lugha kidogo kidogo aliniambia baadaye. Bibi Taratibu alisema mama yake huko Udachini ameandika barua, anauliza huko Afrika nani anamshika mjukuu wake. Basi mama aone.

Siku ya tatu wakaja mjini. Nilivaa kanga yangu mpya. Kustodio akalikunja pazia akaliweka pembeni, na kwa mara ya kwanza nikakaa kwenye kiti kile uso wangu uko nje, mtoto mapajani. Jamani, kamera inatisha ukiwa unaiona. Miaka yote nilikuwa naisikia tu. Lile jicho la kioo linakutazama bila kupepesa, na huna pa kuweka uso wako. Mtoto hakuwa na shida yoyote. Alikaa kama alivyozoea, mgongo kwangu, ananisikiliza nikivuma.

Jua lilikuwa zuri, la kuhesabu nne. Kustodio akaingiza kichwa ndani ya kitambaa chake cheusi, akatoka, akashika kifuniko. Akataka nitazame vizuri. Akafungua, akaanza kuhesabu, moja, mbili, na kwa heshima ambayo hakuwahi kunionyesha tangu siku ya kapu la mchicha akasema, "Bi Zena, hapa."

Nikamgeukia nikaitika, "Abee, bwana."

Ningefanyaje? Niliitwa kwa jina langu. Kiti hakiitiki, lakini mimi sikulelewa hivyo.

Kioo kilipotoka kwenye dawa, mtoto alikuwa safi mpaka kope zake zinahesabika. Kanga yangu ilikuwa safi. Mikono yangu miwili ilikuwa safi, vidole vyote kumi, kila kimoja mahali pake. Juu ya shingo palikuwa na ukungu. Kustodio akalichukua sanduku lake la penseli, akakumbuka amri, akalirudisha. Akaomba apige tena, lakini mtoto alikwisha anza kulia, na barua ilikuwa iende siku ile ile. Bibi Taratibu aliitazama picha ile muda mrefu. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini pale, kwenye ule ukungu. Nikamwambia nilikuwa naitika. Akachukua kalamu, akaandika maneno nyuma ya picha, akaitia kwenye bahasha.

Kustodio aliniambia ameandika jina langu.